Jirani akishindwa marejesho ya nyumba, kodi zetu zimsaidie kwa njia ipi?

Mimi ni mpangaji, naishi Tabata, Dar es Salaam. Kila mwezi ninaponunua umeme kwa mara ya kwanza, LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, inakata shilingi 1,500 ya kodi ya jengo kabla ya kunipa yuniti. Jengo si langu. Makato hayo yalianza 2021 kwa shilingi 1,000, yakapanda 2023, na tangu mwanzo tuliambiwa mpangaji apatane na mwenye nyumba wake ili arudishiwe kwenye pango. Wapo waliopatana. Mimi niliona haya kumdai mama mwenye nyumba elfu moja na mia tano, nikaacha. Kwa hiyo nikiulizwa kama mlipakodi amsaidie mwenye nyumba uchumi ukiyumba, hilo kwangu si swali la mbali. Jina langu halimo kwenye hati, lakini pesa yangu imo.

Kabla ya hapo nilikuwa afisa mikopo wa benki moja hapa mjini kwa miaka tisa. Barua za siku 60, zile za kumwonya mkopaji kabla nyumba haijauzwa, nimeziandika mwenyewe. Nimekaa meza moja na baba wa watu aliyekuja na bahasha ya khaki, ndani yake picha za nyumba yake tangu msingi hadi bati, akidhani tukiziona tutamwelewa. Aliniambia, "Dada, naomba miezi minne tu. Sikuja kuomba msamaha." Miezi minne sikuwa na mamlaka ya kumpa.

Nataka kuziweka njia zote zinazotajwa kila vyuma vikikaza, moja kando ya nyingine, ili anayepaswa kuamua, awe mpiga kura, diwani, mjumbe wa SACCOS au mlipakodi tu kama mimi, aone kila njia inamgharimu nani. Na niseme mapema ninakoegemea: kodi ya umma imnunulie mtu muda, isimlipie deni. Nitaeleza kwa nini, na nitasema pia pale ninapotia shaka.

Kwanza, mwenye nyumba ni nani hapa kwetu

Mjadala huu tunauchukua kwa Wamarekani na Waingereza, na kwao mwenye nyumba maana yake karibu siku zote ni mtu mwenye mkopo wa kununulia nyumba hiyo. Kwetu sivyo. Mikopo ya nyumba ya namna hiyo nchi nzima kwa miaka mingi imebaki elfu chache, na yote ikijumlishwa haifiki asilimia 1 ya pato la taifa. Dar es Salaam imejengwa kwa fedha taslimu, kidogo kidogo: tripu ya mchanga mwezi huu, mifuko kumi ya saruji mwezi ujao, fundi akilipwa kwa kozi za tofali. Mtu anahamia nyumba haina dari, dari inakuja baada ya miaka mitatu.

Nyumba hiyo hiyo aliyoijenga bila deni ndiyo baadaye inawekwa dhamana. Mama anataka mtaji wa kwenda kufunga mzigo Kariakoo. Baba anataka daladala ya pili. Kijana kapata zabuni ya kulisha shule. Hati, au leseni ya makazi kwa walio maeneo ambayo hayajapimwa, inaingia kabatini benki. Biashara ikiyumba, inayopigwa mnada ni nyumba.

Nimeanza na hili kwa sababu linabadilisha ulinganisho wote. Serikali ikitangaza kesho mfuko wa kuwaokoa wenye mikopo ya kununulia nyumba, utawagusa watu wachache, wengi wao wenye ajira rasmi na mishahara inayopita benki. Mama wa Kariakoo aliyeweka nyumba ya Kinyerezi dhamana ya mtaji hatakuwemo, kwa sababu kwenye karatasi mkopo wake unaitwa wa biashara. Kwa hiyo yeyote anayekuja na mpango wa kusaidia wenye nyumba aulizwe kwanza swali hilo: unamhesabu nani?

Kuacha mnada upigwe

Njia ya kwanza ni kutofanya lolote. Mkopo ni mkataba, aliyesaini alijua, nyumba iuzwe, benki irudishe amana za watu, maisha yaendelee. Sitaki kuidharau hoja hii. Pesa ya benki ni ya wenye akaunti, na miongoni mwao yumo bibi aliyeuza mihogo miaka 20. Tena sheria zetu hazimwachi mkopaji peke yake. Sheria ya Ardhi ya 1999, pamoja na marekebisho yake, inataka mkopaji aliyeshindwa kulipa apewe notisi ya siku 60 kabla nyumba haijauzwa. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Na ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya wastani wa soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba muuzaji hakutimiza wajibu wake wa kutafuta bei nzuri, mpaka athibitishe vinginevyo.

Sasa tuingie mtaani. Nilihudhuria mnada mmoja Kinyerezi, Jumamosi asubuhi, nikiwa upande wa benki. Gari la dalali lilikuwa na spika mbili juu. Wanunuzi walikuwa sita, watatu kati yao walifahamiana na dalali kwa majina. Masharti yalisomwa kama kawaida: asilimia 25 papo hapo, inayobaki ndani ya siku 14. Mwenye nyumba hakutoka nje. Mkewe alikuwa dirishani anafungua pazia kwenye ndoano, moja moja, analikunja, anaweka kwenye beseni. Dalali akaanza bei ya juu, pakawa kimya. Akashuka. Kimya. Aliponunua yule wa tatu, bei ilikuwa karibu na ile mthamini aliyoiandika kama bei ya kuuza kwa haraka, wala si ile ya soko. Kisheria hakuna lililoharibika. Deni la benki likalipwa, familia ikabakiwa na pesa isiyotosha hata kiwanja Chanika.

Hapo ndipo njia hii inapochechemea wakati uchumi umebana. Sheria imeandikwa ikidhani wanunuzi wapo. Hali ikiwa ngumu kwa wote, mwenye pesa taslimu ni mmoja kati ya mia, na anajua hivyo. Nyumba ileile, mkopo uleule, mkopaji yuleyule: miaka miwili kabla angeuza mwenyewe, akalipa, akabakiwa na pa kuanzia.

Na kuna mtu ambaye kwenye hesabu za mnada haonekani kabisa. Mwaka niliokuwa napanga Ubungo nilikuwa nimelipa kodi ya miezi sita mbele, kama ilivyo desturi ya mji huu. Mwezi wa pili mtu mgeni akaja getini na barua. Nyumba imeuzwa, mmiliki mpya anataka kubomoa ajenge fremu za maduka, tuna wiki mbili. Kodi yangu ya miezi minne mwenye nyumba wa zamani alishaipeleka kwenye marejesho yaliyomshinda. Tulikuwa wapangaji watano. Mmoja alikuwa na mtoto wa wiki tatu. Hakuna aliyetuandikia notisi ya siku 60, kwa sababu sisi hatukukopa.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na mpangaji mwenzangu anayesema mambo ya wenye nyumba hayatuhusu. Nyumba ya Dar inapopigwa mnada hutoka na vyumba vinne vya uani, genge la mbele, na mama lishe wa barazani.

Marekani walijaribu zaidi ya njia moja

Tukitoka kwenye kutofanya lolote tunaingia kwenye kusaidia, na hapa mfano wa Marekani unafaa kwa sababu wamefanya zaidi ya mara moja. Mara mbili kati ya hizo walifanya kwa namna tofauti kabisa, na matokeo yanajulikana.

Ya karibuni kati ya hizo mbili ilianza Februari 2009. Benki zao zilikuwa zimeshapewa mpango wa dola bilioni 700 Oktoba 2008. Rais Obama akatangaza mpango wa dola bilioni 75 wa kupunguza marejesho ya wenye nyumba, lengo likiwa rejesho lisizidi asilimia 31 ya kipato. Walitarajia kuwafikia watu milioni 3 hadi 4. Kesho yake mtangazaji wa televisheni, Rick Santelli, alisimama kwenye soko la mitaji la Chicago akawauliza waliokuwepo nani anataka kumlipia jirani yake mkopo wa nyumba, na hasira ile ikawa moja ya mbegu za vuguvugu la siasa lililoitwa Tea Party. Walipofunga mpango 2016, waliopata nafuu ya kudumu hawakufika milioni 2. Wengi walikwama njiani: serikali haikushughulika na mkopaji moja kwa moja, iliyalipa makampuni yanayosimamia mikopo ili yamsaidie, nayo yakapoteza makaratasi, yakadai yaletwe tena, yakawaweka watu kwenye majaribio ya miezi halafu yakawakatalia.

Niliposoma habari hizo nilijitambua. Mimi pia nimewahi kumwambia mtu alete tena taarifa ya benki ya miezi sita, aliyokwisha kuileta mara mbili. Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na mafaili mia na hakuna aliyenilipa kwa kuokoa nyumba. Nilipimwa kwa kurudisha mikopo chechefu, ile iliyokwama bila kulipwa. Msaada ukipitia mkono usio na faida ya kuupitisha, utaishia mkononi.

Mara ya kwanza ilikuwa 1933, wakati wa mdororo mkuu. Serikali ya Roosevelt iliunda shirika lililoitwa Home Owners' Loan Corporation. Halikumpa mkopaji ruzuku wala kuibembeleza benki. Liliununua mkopo wenyewe: benki ikapewa hati fungani za serikali, mkopaji akawa anadaiwa na shirika, kwa riba ya asilimia 5 na miaka 15 ya kulipa. Ndani ya miaka michache lilikuwa limeshika mikopo kama milioni 1. Si wote waliopona. Karibu mmoja kati ya watano alishindwa hata baada ya nafuu hiyo, akapoteza nyumba. Lakini wanne walibaki nayo, na shirika lilipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 lilikuwa na ziada ndogo. Mlipakodi alirudishiwa.

Ukiniambia nichague kati ya hizo mbili, nachukua ya 1933 bila kusita. Ila ina doa ambalo sisi tusilifumbie macho. Shirika lile lilichora ramani za miji, likapaka rangi nyekundu mitaa iliyohesabiwa kuwa hatari kukopesha, na mitaa ya watu weusi ikawa nyekundu. Sisi hatuna rangi hiyo, lakini tunayo mistari yetu. Mpango utakaodai hati ya miaka 99 utaishia Mbezi Beach na Mikocheni. Manzese, Tandale, sehemu kubwa ya Mbagala, wenye leseni za makazi na wenye karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, watakuwa nje ya mstari, na ndio wanaokatwa LUKU kama wote.

Kusitisha marejesho: rahisi kutangaza, ghali kuishi nayo

Njia nyingine ni kusitisha. Machi 2020 Marekani ilipitisha sheria iliyompa mwenye mkopo wa nyumba unaodhaminiwa na serikali kuu haki ya kuomba kutolipa kwa siku 180, na kuomba nyingine 180, kwa kusema tu kwamba ameathirika na korona. Uingereza walianza na likizo ya marejesho ya miezi mitatu. Hapa kwetu, Mei 2020, Benki Kuu ilishusha kiwango cha akiba ambacho benki zinatakiwa kuweka kwake, na ikaahidi kuzilegezea masharti benki zitakazowapangia upya wakopaji walioathirika. Tofauti ni kubwa kuliko inavyosikika. Kule mkopaji alipewa haki. Huku benki ilipewa ruhusa.

Watu hawakuliona hilo. Nakumbuka wateja waliokuja wakiamini mikopo imefutwa. Mzee mmoja wa Ilala alikuwa amesikia redioni, akatumia rejesho la mwezi kulipa ada ya mjukuu, akaja kuomba risiti ya msamaha. Nilimwamkia, nikamkalisha, nikamweleza. Aliitikia kila neno kwa heshima, mwishowe akauliza, "Sasa mwanangu, nani atarudisha ile ada?"

Na hata pale benki inapokubali kusitisha, kuna hesabu ambayo mkopaji haambiwi vizuri. Naiweka hapa kwa tarakimu kwa sababu ndiyo iliyonifanya nibadili mawazo.

Chukua mkopo wa nyumba wa shilingi milioni 60, riba asilimia 17 kwa mwaka, miaka 15. Rejesho la mwezi ni kama 923,000. Mwezi wa kwanza, 850,000 ya hizo ni riba tupu. Mkopo wenyewe umepungua kwa 73,000 tu. Sasa mkopaji wetu amepunguzwa kazi mwanzoni kabisa mwa mkopo, benki inamwambia apumzike miezi sita, riba ikiendelea kuhesabiwa. Baada ya miezi sita deni limefika kama milioni 65.3. Wakianza upya miaka 15, rejesho ni kama milioni 1 na elfu tano. Alishindwa 923,000, na sasa anadaiwa zaidi.

Basi tumwongezee miaka, utasema. Ndivyo tulivyozoea kusema dirishani. Mkopo uleule wa milioni 60, badala ya miaka 15 uwe 20: rejesho linashuka hadi 880,000. Umembebesha mtu miaka mitano zaidi ya deni ili apate nafuu ya 43,000 kwa mwezi. Kwa riba ya asilimia 5, kama ile ya Wamarekani wa 1933, kuongeza miaka hiyohiyo kungeshusha rejesho kutoka 474,000 hadi 396,000, na hapo mtu anapumua. Kwa riba zetu miaka haisaidii kitu. Kinachosaidia ni kushusha riba: milioni 60 kwa asilimia 12, miaka ileile 15, ni 720,000, nafuu ya laki mbili kila mwezi.

Kwa hiyo tukiiga mipango ya nje bila kutazama riba yetu, tutatangaza nafuu isiyokuwepo. Naomba hili lishikwe na kila anayeandika mpango wowote.

Kumlipia, au kumkopesha

Zimebaki njia mbili zinazotumia fedha ya umma waziwazi. Moja ni ruzuku: serikali ilipe malimbikizo, yaishe. Kwa ubinadamu inavutia kuliko zote. Marekani walifanya hivyo 2021, walitenga kama dola bilioni 10 kwa wenye nyumba walioathirika na korona. Na sisi tuna kumbukumbu yetu. Juni 2009 Rais Kikwete alitangaza mpango wa kunusuru uchumi wa karibu shilingi trilioni 1.7, na ndani yake kulikuwa na kufidia hasara za walionunua mazao na kudhamini mikopo yao ipangwe upya. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba kumsaidia mkopaji kwa kodi ni jambo geni Tanzania. Limeshafanyika, ila kwa makampuni na vyama vya ushirika.

Ninachoogopa kwenye ruzuku ni mambo mawili. La kwanza ni yule anayelipa. Tuseme serikali inalipa riba ya miezi sita ya yule ndugu wa milioni 60: ni shilingi milioni 5.1. Kwa mita kama yangu, hiyo ni kodi ya jengo ya miezi 3,400. Nyuma ya mita hizo yuko dada wa saluni Buguruni, bodaboda wa Gongo la Mboto, mjane wa Vingunguti anayepanga chumba kimoja, watu ambao hakuna benki ingewakopesha hata mlango wa nyumba. Kuwachukulia hao ili kumwachia mwingine mali ya milioni 100 moja kwa moja, siwezi kulitetea mbele yao.

La pili ni fununu. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu haina riba, na ni jambo jema kabisa, lakini vikundi vingi viliichukulia kama zawadi, marejesho yakafa, hadi serikali ikaisimamisha 2023 na kuirudisha 2024 kwa utaratibu mwingine. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa nia njema ya kuwakopesha wananchi, ilikufa 1995 ikiwa imeelemewa na mikopo isiyolipwa. Mtaa ukisikia serikali inalipa, hata mwenye uwezo anasubiri.

Inabaki kumkopesha. Namna ninayoiona mimi ni hii. Aliyepoteza kipato, kwa nyumba moja anayoishi, serikali inailipa benki riba ya miezi sita, ili deni lisivimbe. Fedha hiyo inaandikwa kwa Msajili wa Hati kama deni la umma juu ya nyumba hiyo, nyuma ya deni la benki. Halidaiwi kila mwezi. Linalipwa mkopo wa benki ukiisha, au nyumba ikiuzwa, au ikirithiwa, na linaongezeka kwa kiasi cha mfumuko wa bei tu ili lisiliwe na miaka. Uingereza wamepita huku: msaada wao wa riba ya nyumba kwa wasio na kipato ulikuwa ruzuku, Aprili 2018 wakaugeuza mkopo unaoshikiliwa na nyumba.

Na benki nayo itoe. Hapa sina huruma na waajiri wangu wa zamani. Riba ya adhabu ifutwe kwa miezi hiyo, na riba ya kawaida ishuke walau kwa mwaka mmoja. Kama umma unaiokoa benki na mnada wa bei ya kutupa, benki ichangie. Mpango usio na sharti hilo ni wa kuilipa benki tu, jina la mkopaji likiwa limebandikwa juu.

Ninavyochagua, na ninapotia shaka

Kwa mwajiriwa aliyepunguzwa kazi, mkopo huo unamfaa, na unaweza kuungana na fao la kukosa ajira kama alikuwa mwanachama wa mfuko wa hifadhi. Mwenye nyumba tatu za kupangisha aliyekopea ya nne, aachwe auze moja. Najua wengine wataona ni ukatili. Mimi naona ana pa kushuka bila kugusa chini.

Ninayemfikiria zaidi ni mama wa Kariakoo. Mkopo wake ni wa biashara, si wa nyumba, na nikimwingiza yeye nimefungua mlango kwa kila mfanyabiashara nchini. Nikimwacha, nimewaacha wengi wa wanaolala nje Dar es Salaam kwa sababu ya deni. Nimelipindua hili mara nyingi. Naona kipimo kiwe nyumba badala ya jina la mkopo: kama ndiyo makazi yake pekee na biashara ilikuwa hai mpaka uchumi ulipoanguka, vitabu au hata daftari la mauzo likionyesha hivyo, aingie, kwa kikomo cha fedha kinachofanana kwa wote. Kikomo hicho kiwe kidogo. Milioni 5 tayari naiona nyingi.

Aliyekopa kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wa riba ya kuumiza, simwingizi kwenye mfuko huu hata kidogo, kwa faida yake mwenyewe. Sheria ya huduma ndogo za fedha ipo tangu 2018 na Benki Kuu imeweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji waliosajiliwa. Anayetoza asilimia 30 na kushika hati ya mtu kwa karatasi ya kuandikishana hapaswi kulipwa na umma shilingi moja. Huyo mkopaji anahitaji mwanasheria wa bure na afisa wa polisi anayesikiliza.

Sharti la mwisho ni la wapangaji. Mwenye nyumba anayepokea fedha hii akubali kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kwamba kodi aliyokwisha kupokea italindwa: nyumba ikiuzwa hata hivyo, mpangaji amalizie miezi yake au arudishiwe chake kabla ya mtu mwingine yeyote nje ya benki. Nikiandikiwa hilo, makato yangu ya LUKU nitayatoa kwa moyo.

Mwezi uliopita mama mwenye nyumba alinialika chai uani. Katikati ya maongezi akaniambia hati yake iko benki tangu mwaka juzi, kwa ajili ya gari la mwanawe la kubebea mizigo. Gari liko gereji Jangwani wiki ya tatu, linasubiri pampu. Nikamuuliza yamebaki marejesho mangapi.

"Ishirini na mawili, mwanangu," akasema, akaniongezea chai.

Nimeshalipa pango hadi Desemba.